Ubishi Kwenye Vumbi la Elmenteita

Pasaka ya 2024 barabara ya Mai Mahiu ilikuwa na wasafiri wa aina mbili: waliokuwa wakienda ushago kwa wazazi, na waliokuwa wakienda kula vumbi. Hawa wa pili ungewatambua kwa hema zilizofungwa juu ya paa, makreti ya soda miguuni, na kijana mmoja katika kila gari aliyekwisha kujipaka rangi za bendera usoni kabla hata ya kufika Limuru. Mimi nilikuwa ndani ya matatu, goti limebanwa na jiko la mkaa la abiria wa kiti cha mbele. Nauli ilikuwa imepanda maradufu. Mama mmoja alipouliza sababu, kondakta alimjibu neno moja tu, "Rali," akabamiza mlango.

Teremko la Bonde la Ufa nitalipita haraka, maana kila aliyewahi kwenda Naivasha amekwisha kulisimulia: wauza ngozi za kondoo kule juu, kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kule chini, halafu Longonot. Kilichonivuta sikio ni vijana wawili nyuma yangu. Walikuwa wakibishana kuhusu tairi. Mmoja alishikilia kwamba Hyundai wanashindwa Kenya kwa sababu wanakuja kukimbia, ilhali Toyota wanakuja kufika. Mwenzake alimwambia hiyo ni methali, si mbinu. Nikajua wikendi yangu haitakuwa ya kuangalia magari peke yake.

Kwa msomaji ambaye hafuatilii, Safari Rally ilianza 1953 kama mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ikaja kuwa moja ya rali zilizoogopwa kuliko zote duniani. Baada ya 2002 ikaondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, ikarudi 2021, fupi kuliko ya zamani, na kitovu chake kikawa Naivasha. Mwaka 2024 iliondolewa Juni ikarudishwa Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi, wakati mvua za masika zinapobisha hodi. Wazee walifurahi. Kwao Safari bila Pasaka haikuwa Safari.

Jumamosi magari huwa upande wa Soysambu, Elmenteita na mlima ule wanaouita Sleeping Warrior, kwa kuwa ukiutazama kutoka barabara kuu unaona mtu amelala chali. Nilifika na boda boda alfajiri, nikakuta kilima tulichoelekezwa kimejaa tayari. Watu walikuwa wamelala pale pale, mashuka ya Kimaasai yamelowa umande, na mapishi ya chai yanaendelea nyuma ya magari. Mwuza smokie alikuwa amesukuma toroli lake kwenye njia ya ng'ombe, na kachumbari yake ilikuwa imekwisha kuingia vumbi kabla gari la kwanza halijapita. Hakuna aliyelalamika.

Vumbi la huku ni somo la peke yake. Wageni wanaliita fesh-fesh. Nilishuka hadi karibu na utepe, nikachota kiganjani: laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, ukifungua vidole limekwisha kuondoka. Juu linaonekana ni ardhi ya kawaida, imetulia. Gari likiingia, magurudumu yanazama, injini inavuta vumbi badala ya hewa, na dereva haoni mbele wala nyuma. Ndiyo maana magari ya Safari hufungwa lile bomba refu la kupumulia linalosimama kando ya kioo cha mbele, ambalo watu wengi hudhani ni la kuvukia mito tu. Mwaka 2022 vumbi hili lilisimamisha magari ya mamilioni kule Kedong, madereva wa Ulaya wakabaki wakitazamana na punda milia.

Pale kilimani niliketi na watu watatu ambao hawakujuana kabla ya siku hiyo. Mmoja alikuwa fundi kijana kutoka Grogan, Nairobi, kofia ya Toyota kichwani na mafuta meusi chini ya kucha. Wa pili alikuwa mzee wa Gilgil, dereva wa malori mstaafu, amekuja na kiti chake cha kukunja na redio ndogo. Wa tatu alikuwa mwalimu wa michezo kutoka Nyahururu, ameletwa na wanawe wawili ambao kila dakika walimwuliza kama gari linalofuata ndilo la bingwa Rovanperä.

Ubishi ulianza kwa Evans. Elfyn Evans wa Toyota alikuwa akifukuzana na Thierry Neuville wa Hyundai kileleni mwa msimamo wa ubingwa, na habari zikafika kupitia simu ya mtu kwamba Evans amepasukiwa na tairi. Fundi akashika kichwa.

"Hapo sasa," alisema. "Kule mbele Rovanperä anaongoza, na mwaka huu hatafuti ubingwa. Amesema atakimbia rali chache tu. Anakula pointi za Evans bure."

"Si bure," mzee alimjibu bila kugeuka. "Toyota ndiyo inayomlisha."

Hapo ndipo penye utamu wa rali, na ndipo mtu mgeni hupotea. Kuna ubingwa wa madereva na kuna ubingwa wa watengenezaji wa magari, ambao hujumlisha pointi za magari mawili bora ya kila timu. Kalle Rovanperä, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023, alikuwa amepunguza mbio zake mwaka ule. Akishinda Kenya anamnyima mwenzake pointi, lakini anaijaza timu kapu. Je, timu imwambie apunguze mwendo? Fundi alitoa mfano wa Ugiriki 2022, Hyundai walipokuwa na magari matatu mbele, Neuville akiongoza na Ott Tänak wa pili. Tänak ndiye aliyekuwa na matumaini ya ubingwa. Timu haikuwabadilisha, Neuville akashinda, Tänak akabaki na sura ya mtu aliyenyimwa mahari.

"Walifanya vyema," mwalimu alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingilia. "Aliyetangulia ametangulia."

"Mwalimu, hii si mbio za gunia," fundi alimwambia, kwa heshima, lakini alimwambia.

Mfumo wa pointi wa mwaka ule uliwazidishia wabishi kuni. Pointi 18 za mshindi zilitolewa kwa msimamo wa Jumamosi jioni, mradi gari lifike mwisho Jumapili. Kisha Jumapili ikawa na hesabu yake, 7 kwa anayeongoza siku hiyo, na 5 nyingine kwa mkondo wa mwisho. Matokeo yake ni kwamba Februari, kule Sweden, Esapekka Lappi alishinda rali na kuondoka na pointi chache kuliko Evans aliyemaliza wa pili. Mzee alielezewa jambo hili mara mbili. Mara ya tatu akazima redio.

"Kwa hiyo mtu anashinda halafu hashindi?"

Mimi naungana na mzee. Mfumo unaohitaji kalamu na karatasi ili kujua nani ameshinda umetengenezwa na watu wasiokaa kwenye kilima. Lakini nakiri kwamba uliwapa mashabiki kazi. Fundi alikuwa na daftari. Kweli, daftari la shule la kurasa 32, na ndani yake alikuwa ameandika nani amebeba spea ngapi. Gari linaruhusiwa kubeba spea moja au mbili. Mbili ni uzito, na uzito ni sekunde; moja ni kamari, na kwa mawe ya Soysambu kamari hiyo huliwa mapema. Ukichagua tairi gumu linavumilia mawe lakini linateleza mvua ikishuka. Ukichagua laini unaombea kiangazi kisikaze. Yote haya huamuliwa asubuhi, gizani, na mtu anayetazama mawingu.

Magari makubwa yalipokwisha kupita yakafuata ya wenyeji, na hapo tukapata tamasha letu. Gari moja la Kenya lilisimama mita chache kutoka kwetu, gurudumu la nyuma kulia limechanika hadi rimu inang'aa. Dereva na mwelekezi wake wakatoka kwa pamoja kama waliosukumwa. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye jeki, mwingine buti. Hawakusemezana. Mwelekezi alilegeza nati kabla gari halijainuka sawasawa, dereva akavuta spea akaiviringisha kwa goti, mikono tayari iko kwenye tairi bovu. Nati zilirudi kwa mpangilio wa msalaba. Jeki ikaanguka, tairi bovu likatupwa ndani ya buti, mikanda ikafungwa gari likiwa limekwisha kuondoka. Kilima kizima kikapiga makofi. Fundi alitazama saa yake, akasema dakika mbili na ushei, kisha akaanza kueleza wapi wamepoteza sekunde kumi.

Mwalimu naye alikuwa ameguswa, lakini hakutaka kushindwa. "Hiyo kazi nzuri sana," alisema. "Ila si michezo. Mchezo ni mwili. Hebu niambieni kwa nini haya hayapo Olimpiki."

Akawa ametia kiberiti kwenye nyasi kavu.

Alikuwa na hoja. Kwa miaka mingi Mkataba wa Olimpiki ulikataa waziwazi michezo inayotegemea nguvu ya injini. Mwaka 1900 kule Paris magari yalishindana pembezoni mwa michezo, na 1908 kule London boti za injini zilipewa medali, kisha mlango ukafungwa. Shirikisho la magari duniani, FIA, lilitambuliwa na kamati ya Olimpiki 2013, lakini kutambuliwa si kualikwa. Na gari la rali la mwaka ule, lenye injini na mota ya umeme kwa pamoja, lilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 500. Mwalimu aliuliza swali rahisi: ukimpa Rovanperä matatu ya kawaida, atamshinda nani?

"Kondakta," mtu wa nyuma alijibu.

Fundi akashika habari ya farasi. Kama mashine hairuhusiwi, farasi anafanya nini Olimpiki? Tena farasi ana akili yake, gari halina. Nilidhani mwalimu atamkatalia, lakini mtu mkweli ni mzigo kwa upande wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyetusimulia mkasa wa Tokyo, wa Annika Schleu wa Ujerumani katika pentathloni ya kisasa. Alikuwa akiongoza. Ukafika wakati wa kuruka viunzi kwa farasi, na katika mchezo ule farasi hupangiwa kwa kura, humjui wala hakujui. Akapewa Saint Boy. Farasi akagoma. Dada wa watu analia, farasi hasogei, dhahabu inayeyuka mbele ya dunia nzima. Baada ya hapo shirikisho la mchezo huo liliamua farasi aondoke baada ya Paris 2024.

"Unaona!" fundi aliruka. "Na yule hakupewa hata spea."

Akaendelea na viatu. Wakimbiaji wa siku hizi, alisema, wamevaa springi. Hakukosea sana: baada ya viatu vya soli nene vyenye bamba la kaboni kubadilisha mbio za barabarani, shirikisho la riadha lililazimika 2020 kuweka kikomo cha milimita 40 za soli na bamba moja tu ndani. Halafu akaleta lile lililomfurahisha kuliko yote. Vienna, Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Mbele yake kulikuwa na nini? Gari. Gari la umeme lililomulika barabarani mistari ya kijani ya kuonyesha kasi, na wakimbiaji 41 wakipokezana kumkatia upepo.

"Ndiyo maana haikuandikwa rekodi," mwalimu alisema.

"Lakini ulilia ulipoiona."

Mwalimu akacheka. Alilia, alikubali. Lakini akasema kwamba aliyemliza zaidi ni Kelvin Kiptum, aliyekimbia Chicago 2:00:35 Oktoba 2023, rekodi halali, na ambaye tulikuwa tumemzika wiki chache tu zilizopita. Kiptum alikufa na kocha wake, Gervais Hakizimana, usiku wa Februari 11, kwa ajali ya gari. Kijana wa miaka 24. Kwa muda kidogo hakuna aliyetania kuhusu magari. Fundi alisema barabara zetu zina mikondo isiyo na utepe wala daktari, na hilo hakulisema kwa mzaha.

Mzee wa Gilgil ndiye aliyetupeleka mahali nisipopatarajia. Alikuwa amewasha redio tena, akaizima tena.

"Mnakumbuka 1968?" Hakuna aliyekuwa na umri wa kukumbuka. "Pasaka ile mvua ilinyesha mpaka magari saba tu ndiyo yaliyofika. Saba. Peugeot ya Nowicki ikashinda. Oktoba yake Keino akaenda Olimpiki ya Mexico."

Hadithi ya Kipchoge Keino wengi wanaijua, jinsi inavyosimuliwa kwamba alishuka kwenye basi lililokwama katika foleni akakimbia hadi uwanjani akiwa mgonjwa. Mzee hakuitaka hiyo. Alimtaka Ben Jipcho. Fainali ya mita 1,500, Jim Ryun wa Marekani ndiye mwenye rekodi ya dunia, na ana kasi ya mwisho isiyo na mpinzani. Kwa hiyo Jipcho akatangulia, akavuta mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Hiyo ni kasi ya kujiua. Keino akachukua kutoka pale, akashinda kwa karibu sekunde tatu. Ryun wa pili. Jipcho akaishia wa kumi. Miaka minne baadaye Munich, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Keino dhahabu, Jipcho fedha. Tena nyuma ya Keino.

"Sasa niambie, kijana wangu," mzee alimgeukia fundi. "Jipcho alikuwa nani?"

"Dereva wa pili."

"Na wewe mwalimu, medali ya Jipcho ya Mexico iko wapi?"

Mwalimu hakujibu. Nadhani hapo ndipo palipokuwa kiini cha ubishi wote, na tangu siku ile nimekuwa upande wa mzee. Sioni kama tofauti kati ya rali na Olimpiki ni injini. Farasi wapo, baiskeli za kaboni zipo, boti za tanga zenye bei ya nyumba zipo. Tofauti ni namna ya kuandika hesabu. Rali inakiri hadharani kwamba ushindi ni wa wengi: jina la mwelekezi limeandikwa ubavuni mwa gari sawa na la dereva, anapanda jukwaani naye, na pointi za mtu wa pili zina kikapu cha kuingia. Aaron Johnston, mwelekezi aliyemsomea barabara dereva Takamoto Katsuta mwaka ule, hakuwa msindikizaji. Mwelekezi akikosea neno moja, wote wawili wamo mtaroni. Olimpiki ya riadha nayo ina mbinu za timu, ina watu wanaochomwa kama kuni ili mwenzao apate moto, lakini medali inasema ni ya mmoja. Mbio zetu za viunzi na maji, tulizoshinda kila Olimpiki tuliyokwenda tangu 1968 hadi 2016, zilijengwa kwa vijana watatu waliokimbia kama kitu kimoja. Barcelona 1992 na Athens 2004 walichukua medali zote tatu. Tokyo alipokuja Soufiane El Bakkali wa Morocco akavunja mfululizo huo, tulisema Wakenya wameishiwa kasi. Sikumsikia mtu akiuliza kama walikuwa wameishiwa mpango.

Mwalimu alinipinga kwa hoja ambayo bado inanisumbua. Alisema rali inakiri wengi, sawa, lakini wengi gani? Madereva wengi wa pale juu wametoka katika familia za rali, na Rovanperä mwenyewe ni mtoto wa dereva wa rali. Mtoto wa Nyahururu anahitaji barabara ya murram na mapafu. Kenya imetoa madereva wakubwa, Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, Ian Duncan 1994, lakini hebu hesabu walikuwa na gereji za nani. Fundi akamtaja McRae Kimathi, aliyekwenda kuendesha kwenye theluji ya Sweden 2022. Mwalimu akamtaja Philip Boit, aliyekwenda Nagano 1998 kuteleza kwenye theluji akiwa mkimbiaji wa kawaida, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Wakatoka sare katika theluji, jambo ambalo si la kawaida Elmenteita.

Usiku ule Naivasha haikulala. Sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba mbuzi ilikuwa ghali na muziki wa kila baa ulishindana na wa jirani.

Jumapili tulikuwa Hell's Gate, chini ya majabali, mvuke wa Olkaria ukipanda kwa mbali. Fundi alinipigia simu tukutane. Rovanperä alishinda, Katsuta wa pili kama alivyokuwa 2021, Adrien Fourmaux wa Ford wa tatu. Evans wa nne, Neuville wa tano, na kwa hesabu ya Jumapili wote wawili walikuwa bado wanaokota pointi kama kuku kwenye uwanja wa mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mzee hakuja. Alituma ujumbe kwa fundi, ambaye sasa alikuwa na namba zetu zote: "Nani ameshinda, na ameshinda kweli?"

Tuliendelea kuandikiana. Agosti, Paris, mwalimu alitutumia picha ya Faith Kipyegon na dhahabu yake ya tatu mfululizo ya mita 1,500, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa, HUYU NANI ALIMSUKUMA? Fundi alisubiri hadi Novemba kujibu. Neuville alikuwa ametwaa ubingwa wa madereva kule Japani, lakini Toyota ikachukua wa watengenezaji, katika mkondo wa mwisho kabisa wa msimu, kwa tofauti ya pointi tatu. Alituma ukurasa wa daftari lake, hesabu za Safari zimezungushiwa wino mwekundu. Kisha, kama mtu aliyekumbuka deni la zamani, akarudi Paris: na yule Gudaf Tsegay wa Ethiopia, aliyevuta kasi mizunguko ya mwanzo ya fainali ile halafu akaishia mkiani, mwalimu, yeye alikuwa akimfanyia kazi nani?